Mboga Ipo

Subilaga alihesabu maiti mara tatu, na mara zote tatu zikatoka mia nne na kumi na mbili.

Hakuwa mochwari. Alikuwa kwenye kiti chake ghorofa ya nne, saa tatu asubuhi, chai imeshapoa pembeni, na maiti zenyewe zilikuwa mistari tu kwenye kioo: jina, umri, kijiji, tarehe. Wingi wao haukumshtua. Homa ya mkausho ilishaua watu wengi kuliko hao, na tangu amalize chuo miaka minne nyuma, kazi yake ilikuwa kukaa na mistari ya namna hiyo na kuitafutia sababu. Kilichomshtua ilikuwa rangi. Wote mia nne na kumi na wawili walikuwa kijani.

Na mtu wa kijani hafi. Ndiyo maana yenyewe ya kijani.

Yaani ilikuwa hivi. Mkausho ukikushika, siku ya kwanza ni koo, ya pili kikohozi, ikifika ya tano mwili unagoma kushika maji, unakauka mtu akikuangalia. Dawa yake ni kitanda chenye dripu maalumu, na vitanda hivyo mkoa mzima vilikuwa mia nne. Kila Jumatatu saa kumi jioni vinagawiwa upya. Nani alazwe na nani auguzwe nyumbani, hiyo haikuwa kazi ya daktari wala ya mkuu yeyote. Ilikuwa kazi ya Mizani. Mizani haikutaka kujua wewe ni mtoto wa nani. Ilitaka kujua kitu kimoja: mwaka huu mzima ulikuwa unakula nini. Ikishajua, inakupa rangi. Nyekundu, unapewa namba kwenye foleni na gari linakufuata. Kijani, unabaki nyumbani na pakiti za chumvichumvi za kukoroga, kwa sababu mwili wako una akiba, utapona.

Wala hakuna aliyejaza fomu. Juu ya kila jiko, kuanzia majiko ya gesi ya mjini mpaka mafiga ya milimani, kilibandikwa kidude cha ukubwa wa kifuniko cha soda, wenyewe wanakiita Sikio. Nyumba yenye Sikio inatibiwa bure. Sikio linasikiliza watu wanavyoongea wakipika na wakila, linachukua majina ya vyakula, mengine linatupa. Jumatatu asubuhi linatangaza chanjo za watoto. Mwaka jana likaongezewa kazi ya kuhesabu vikohozi. Watu walishalizoea, hata wanalisalimia.

Sasa Subilaga aliona wapi hao maiti, wenzake wote wasione? Aliona kwa sababu alikwenda kuchokonoa. Vifo vya hospitali vinaingia kwenye mfumo hapohapo. Vifo vya nyumbani vinasubiri mtendaji wa kijiji apate mtandao, aandike, atume, na hapo wiki mbili, tatu, zimeshapita. Vikifika vinatupwa kwenye jedwali la peke yake ambalo hakuna anayelifungua, maana nani ataanza kutafuta vifo kwa watu ambao hawafi? Yeye alilifungua asubuhi ile kwa sababu tu jedwali lake la kawaida lilikuwa linagoma. Akalikuta limejaa.

Akaangalia vijiji. Lupombwe. Ikwete. Matenga. Vyote vya milimani. Kule chini, ufukweni mwa ziwa, hakukuwa na hata mmoja.

Ikwete ndiko alikozaliwa. Ndiko aliko mama yake.

Hakufungua faili la mama yake. Alijiambia kanuni za kazi haziruhusu, na ni kweli haziruhusu, lakini si hicho kilichomzuia. Mkono wenyewe ulikataa.

*

Saa saba Hobokela akamburuta kantini. Hobokela ndiye aliyekuwa anakaa naye meza moja, mtoto wa ziwani, mcheshi, haishi kumtania kwamba watu wa milimani wanakula kabichi kwa kabichi na kushushia na ukungu. Siku hiyo alimwambia amekaa kama mtu aliyemeza mfupa. Subilaga akamwonyesha namba zake kwenye simu, wakiwa bado kwenye foleni, na Hobokela akaacha utani. Akasema labda watendaji wamekosea rangi. Labda hao watu walikuwa na kisukari. Labda. Akasema labda nyingi mpaka zamu yake ikafika, na mama wa kantini akamgongea sahani na mwiko.

"Chakula gani, baba?"

"Ugali. Mboga gani leo?"

"Kuku, samaki, maharage."

"Nipe samaki."

Subilaga alikuwa ameshashika trei. Ikamtoka. Iligonga sakafu na kantini nzima ikageuka.

Aliyasikia maneno yale maisha yake yote. Aliyasema mwenyewe jana, hapohapo, kwa mama huyohuyo. Lakini mchana ule yalimwingia kama vile ndiyo kwanza anajifunza lugha. Mboga gani? Kuku. Samaki. Maharage.

Akamshika Hobokela mkono, akamvuta pembeni, sahani yake ya samaki ikimwagika mchuzi. Akamuuliza neno namba kumi na nne kwenye orodha ya Mizani ni lipi. Hobokela akasema ni mboga, kila mtu anajua, ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko vyote.

"Tafsiri yake?"

"Majani. Mchicha, matembele, kabichi, mambo hayo."

"Hobo, wewe kwenu ziwani ukiingia nyumbani ukaambiwa mboga ipo, kwenye sufuria kuna nini?"

Hobokela akaitazama sahani yake ya samaki. 

*

Walirudi juu wakiwa wanakimbia ngazi.

Miaka minne nyuma, mkausho ulipoingia mkoani, ulianzia ziwani. Huko ndiko Mizani ilikofundishwa. Walichukua nyumba elfu thelathini na moja, wakachukua kila neno la chakula lililosikika kwenye hizo nyumba, wakaliweka upande mmoja. Upande wa pili wakaweka nani aliugua akapona na nani aliugua akafa. Halafu wakaiachia mashine itafute yenyewe. Ikatafuta. Ikarudi na jibu lililowafanya watu wa ofisi nzima wakumbatiane: katika nyumba ambazo neno mboga linatajwa kila siku, wakiugua watu mia hafi hata mmoja. Zisizotaja, wanakufa kumi na mmoja. Magazeti yakaandika majani yameushinda mkausho. Mashuleni watoto wakalimishwa mchicha.

Na ile orodha ya maneno, ile iliyosema mboga ni majani, ilikuwa na sahihi ya mhakiki chini yake. Sahihi ilikuwa ya Subilaga. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, yuko mafunzoni, amepewa maneno elfu sita ayapitie kwa siku nne. Alikumbuka hata alivyolipita lile la kumi na nne. Hakusita nukta moja. Si kwamba hakujua. Ndiyo balaa yenyewe hiyo, walijua wote. Ofisini, kwenye semina, kwenye mabango ya afya, wanasema mboga na matunda, na hapo mboga ni mchicha. Jioni wakifika nyumbani wanavua viatu wanauliza mboga gani, na hapo mboga ni chochote cha kushushia ugali. Neno moja kwenye midomo yao limekaa na maana mbili na halijawahi kuwachanganya, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyefikiri litaichanganya mashine.

Ili kuwa na uhakika walifungua sauti. Sauti za jikoni hazifunguliwi bila kibali. Hobokela akaandika kwenye sababu "hitilafu", akabonyeza. Wakachukua nyumba ishirini za ziwani. *Mboga imeiva, leteni sahani.* *Mboga hii ina miba, angalia mtoto.* Miba. Mchicha hauna miba.

"Samaki," Hobokela akasema. "Kila siku samaki. Sisi hata hatumtaji jina."

"Na inawezekana wala si samaki," Subilaga akasema. "Inawezekana ni shibe tu. Mwenye samaki kila siku ana wavu, ana nauli, anawahi zahanati. Mashine haijui. Inajua neno."

Halafu wakafungua milimani.

Huko ilikuwa vingine. Neno lilikuwepo, tena kwa wingi, asubuhi na jioni. Lakini liko peke yake. Hakuna miba, hakuna mtu anayesema punguza chumvi, hakuna sauti ya kitu kinachokaangwa. Mtoto anauliza mama, mboga? Mama anajibu mboga ipo, kula. Kinafuata kimya na kijiko kwenye sahani. Nyumba ya pili hivyohivyo. Ya tatu, ya tisa, ya kumi na sita. Mboga ipo, kula. Mboga ipo.  Subilaga alikulia kwenye majiko yale. Alijua mboga ipo husemwa kwa sauti gani wakati haipo.

Ikabidi afungue faili la mama yake.

Mama Subilaga, miaka hamsini na nane, Ikwete. Siku sitini na moja mfululizo, neno namba kumi na nne. Rangi: kijani. Na chini kabisa, kwenye safu ile mpya iliyoongezwa mwaka jana: vikohozi, juzi sita. Jana arobaini na moja.

Ilikuwa Jumatatu, na saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika ishirini.

*

Dokta Nzowa, mkuu wa kituo, aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza. Alikuwa mzee mwembamba mwenye tabia ya kusafisha miwani kila akiambiwa kitu kibaya, na siku hiyo aliisafisha mpaka Subilaga akaogopa itavunjika. Akaomba asikilizishwe zile sauti mwenyewe. Alipofika nyumba ya tano akavua vile visikilizio akaviweka mezani taratibu. Akamwomba Hobokela atoke.

"Kaa, binti."

"Dokta, muda."

"Kaa."

Mzee hakumbishia hata kidogo. Alikubali kosa ni kosa. Kusahihisha orodha, kufundisha Mizani upya na kupata sahihi za wizara, alisema, ni wiki tatu, akiwahimiza sana. Kwa leo saa kumi, mgao uende kama kawaida. Subilaga alidhani hajasikia vizuri. Akarudia kwamba watu wa kijani milimani wanakufa, kwamba wiki hii wamebaki tena nyumbani, wanakoroga pakiti.

Ndipo mzee akamsimulia habari za kabla ya Mizani. Alikuwa ziwani mwaka ule wa kwanza. Aliona mtu analazwa na mafua kwa sababu ya simu moja, na mama mjamzito anakufa nje ya geti kwenye bajaji, dereva bado anapiga honi. Alisema ukiwatangazia watu leo kwamba rangi zao ni za uongo, kesho asubuhi mkoa mzima uko getini kwa hospitali, wazima na wagonjwa wamebanana, na mkausho hauhitaji kitu kingine zaidi ya hicho. Watakufa wengi kuliko mia nne na kumi na wawili. Na vitanda vitarudi kwa wenye simu.

"Mizani mbovu," alisema, "bado ni mizani."

  Yote aliyosema mzee yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomtisha Subilaga.

Kisha Dokta Nzowa akageuza kioo chake kikamwelekea yeye. Kilikuwa wazi kwenye dirisha la marekebisho ya mkono, lile linalotumika taarifa ya mtu mmoja ikiingia vibaya. Jina lilishaandikwa. Mama Subilaga, Ikwete. Kumbe alishaona vile vikohozi. Kilichobaki ni kubonyeza.

"Taarifa ya mama yako ina kosa. Hilo unalijua kwa uhakika. Kurekebisha kosa si dhambi."

"Na wengine?"

"Wengine huna uhakika nao. Bado ni sauti tu."

Hakuna aliyemlazimisha. Mzee alitoka akamwacha na lile dirisha, akisema atarudi kabla ya saa kumi. Subilaga aliangalia kile kitufe mpaka macho yakamwuma.  Alimwona mama yake amelala kwenye kile kitanda cha kamba, midomo imepasuka. Akawaona na majirani wa mama yake, mmoja mmoja, kwa sura, wanaliona gari moja tu linapanda Ikwete, linambeba mtu mmoja, linashuka.

Hakubonyeza. Alichukua simu akampigia.

*

Simu iliita mpaka mwisho. Akapiga tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona saa hizi, huna kazi?"

Sauti ilikuwa ya mtu aliyemeza majivu. Subilaga akamuuliza kuhusu kile kikohozi, akaambiwa ni vumbi la mahindi. Akamuuliza kama amekula. Akaambiwa amekula vizuri tu, mboga ipo, asihangaike na mambo ya huku, ahangaike na kazi yake.

Sasa ili uelewe kilichofuata lazima ujue kwamba Ikwete swali lile haliulizwi. Kantini unauliza, sokoni unauliza. Lakini mtu mzima akishakuambia nyumbani kwake kwamba mboga ipo, umeshajibiwa. Ukiuliza ni ipi ni sawa na kumfunulia sufuria mbele ya watu. Subilaga alichapwa kwa swali hilo akiwa na miaka sita, kwa jirani yao Mama Ezekia, na aliyemchapa ni huyuhuyu aliyekuwa anamsikia akihema kwenye simu.

"Mama. Mboga gani?"

Subilaga akadhani mtandao umekata.

"Unaniuliza mimi mboga gani?"

"Nakuuliza, mama. Nisamehe."

Kikohozi kikamshika mama, kirefu, kikavu, kama mtu anayechana gunia.  Kuku wa mtu alikuwa analia kwa mbali. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo Subilaga hakuwahi kuisikia kwake:

"Chumvi."

Barafu ya Juni iliunguza kabichi zote, alisema, na zile njegere. Tangu hapo barabara imefungwa kwa ajili ya ugonjwa, hakuna gulio, hakuna gari linalopanda. Unachemsha maji, unatia chumvi, unachovya ugali. Hakutaka kumwambia kwa sababu angemwambia halafu angefanya nini, aruke? Na yale mazungumzo ya jikoni, mboga ipo, mboga ipo, anaishi na wajukuu wawili wa dada yake, ulitaka awaambie nini?

 Subilaga akamweleza mama yake kila kitu, haraka haraka, kama anavyomwelezea habari za mjini: lile Sikio, lile neno, wale wa kijani. Akamwambia anaweza kuuliza kila jiko mkoa mzima swali moja, leo, sasa hivi, lakini watu watajibu vilevile alivyojibu yeye mwanzo. Watalinda sufuria zao. Wataliambia Sikio mboga ipo na watakufa nayo. Labda wasikie kwanza kuna mtu amesema.

"Nani aseme?"

"Nakuomba niseme la kwako."

"Na Mama Ezekia atasikia?"

"Kila mtu atasikia, mama."

Mama yake akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Yule kila jioni ananipazia sauti pale uani mboga ipo. Miezi miwili moshi wake haunuki kitu." Akavuta pumzi. "Sema. Ila usinitaje kwa huruma. Sema tu."

*

Hobokela, aliyesikia yote akiwa mlangoni, alikuwa ameshaandika kila kitu Subilaga alipotoka. Swali litaingia kwa njia ya tangazo la chanjo, majibu yatapokelewa na Sikio lenyewe, yatapangwa, yatakaa mahali pa neno namba kumi na nne. Subilaga hatatangaza kwamba rangi ni za uongo, wala hatamwambia mtu yeyote akimbilie getini. Kazi wangepoteza wote wawili, hilo hawakulizungumzia. Saa tisa na dakika kumi Subilaga akasogea kwenye kinasa sauti, akasema:

"Habari za mchana. Mimi naitwa Subilaga, wa Ikwete. Nafanya kazi huku kwenye Mizani. Tulikosea neno, na aliyelipitisha ni mimi. Miezi miwili mama yangu amekuwa akisema mboga ipo. Leo nimemuuliza mboga gani, akaniambia chumvi. Nawauliza na ninyi. Msitoke nyumbani, jibuni hapohapo mlipo, ili gari lijue pa kwenda. Mboga gani?"

Dakika nzima hakuna kilichoingia. Hobokela akawa anauma kucha.

Likaja moja. *Samaki,* lilisema, la ziwani, kwa furaha kabisa. Likaja lingine, *nyama*. *Maharage. Samaki. Dagaa.* Milimani kimya.  Subilaga akajua wamekataa, amemvua mama yake nguo bure.

Kisha Matenga, mwanamke: *Chumvi.* Ikwete: *Chumvi na sisi.* Lupombwe, mzee, kwa hasira: *Maji. Mnataka kujua ya nini? Maji.* Na baada ya hapo yakafunguka. Waliongea kwa sauti za chini, wengine kama wanaungama, wengine walimfukuza mtoto kwanza ndipo wakasema. Chumvi. Chumvi. Hakuna. Majani ya maboga makavu. Chumvi. Hobokela alizima spika kwa sababu hakuweza kuvumilia, lakini maneno yaliendelea kuandikika kwenye kioo, mistari ikikimbilia juu kwa kasi mpaka haikusomeka tena.

Saa tisa na dakika hamsini Mizani ikamaliza kupima upya. Wekundu walikuwa mia saba asubuhi. Sasa walikuwa elfu tisa.

Vitanda vilikuwa vilevile mia nne.

Subilaga alitafuta jina. Mama Subilaga, Ikwete. Nyekundu. Nafasi ya mia sita na kumi na moja.

Alisoma tena. Akahesabu kwa vidole kama mtoto: amezidiwa na mia mbili na kumi na moja. Wagonjwa zaidi yake, wakavu zaidi, watoto wengi. Nafasi ya mia nne, ile ya mwisho yenye kitanda, ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa wa Lupombwe, jibu lake la mboga: hakuna.

Dokta Nzowa alikuwa amesimama mlangoni. Hakupiga kelele. Alimwomba kitambulisho chake na cha Hobokela, akavitia mfukoni, akaenda dirishani kuangalia geti. Lilikuwa tupu bado. "Bado," akasema, kama anajibu mtu. Kisha, bila kugeuka, akamwambia Subilaga kwamba dirisha la marekebisho linafungwa saa kumi kamili na yeye haoni vizuri bila miwani. Akaivua.

Zilibaki dakika sita. Ingetosha sekunde moja kumpandisha mama. Mtoto wa Lupombwe angeshuka mpaka mia nne na moja na asingejua kamwe. Subilaga aliweka kidole kwenye kioo, juu ya jina la mama yake, kikakaa pale, kikaacha alama ya jasho. Hobokela alikuwa anaangalia sakafu. Ikawa dakika nne. Ikawa mbili. Alikiondoa, akakiweka tena, akakiondoa.

Saa kumi orodha ikajifunga. Chini ya jengo magari ya hospitali yakaanza kuwaka, moja baada ya jingine, yakielekea barabara ya milimani.

Alikaa. Hakuwa na kitambulisho, hakuwa na kazi, lakini hakuna aliyemfukuza, kwa hiyo alikaa palepale na ile orodha mbele yake. Mpangilio ulishajifunga, lakini majina yalikuwa hai: mwekundu Sikio linamfuatilia lenyewe, halisubiri mtendaji. Vitanda vimejaa leo na aliyelazwa hatoki kabla ya siku tano, kwa hiyo aliye nje ya mia nne anapanda kwa njia moja tu.

Ilipofika saa kumi na moja kasorobo, ile namba ikacheza. Mia sita na kumi na moja ikawa mia sita na nne.

"Amepanda," Subilaga akasema, akamshika Hobokela bega, akacheka kwa sauti. "Hobo, mama amepanda saba."

Hobokela aliutoa mkono wake begani, taratibu.

Kicheko kikakatika. Saba waliokuwa mbele yake. Ndani ya dakika arobaini na tano. Alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Ila macho yake hayakutoka kwenye ile namba. Alikuwa anasubiri ishuke tena.